Nimefeli mtihani wa udereva mara mbili kwenye kipilefti kilekile: kwanza niliwahi kuingia, kisha nikachelewa

Bi_Makorora

Habari zenu wapendwa. Nina miaka 43, nimekulia Tanga na nimeishi Dar es Salaam kabla ya kuhamia Leicester, na katika miaka yote hiyo ya nyumbani sikuwahi kushika usukani hata siku moja, kwa sababu daladala zilinifikisha kila nilikotaka kwenda. Hapa Uingereza ninahudumia wazee majumbani mwao, na kazi hii bila gari ni mateso. Mteja wa kwanza anataka kuamshwa na kuogeshwa saa moja asubuhi, wa pili anaishi kijiji ambacho basi hupita mara moja kwa saa, na mara nyingi ninamfikia muda wa kunywa dawa zake ukiwa umeshapita. Jambo hilo linaniumiza kuliko uchovu wa kutembea.

Mtihani wa nadharia niliufaulu mara ya kwanza kwa alama 47 kati ya 50. Ulionishinda ni wa barabarani. Mara ya kwanza niliingia kwenye kipilefti huku gari likija kutoka kulia, mtahini akakanyaga breki ya upande wake, na nikajua kwamba nimefeli ingawa tuliendelea hadi mwisho. Mara ya pili nilikwenda nimejiapiza kwamba sitamkatia mtu njia. Tukafika kwenye kipilefti kilekile, nikasimama kwenye mstari, nikaacha nafasi ya kwanza ipite, na ya pili, na ya tatu. Dereva wa nyuma akapiga honi. Mguu wangu wa kushoto, uliokuwa umeshikilia klachi muda wote huo, ukaanza kutetemeka hadi goti likawa linagonga chini ya usukani, na nilipojaribu kuondoka gari likazimika. Ripoti ilionyesha kosa kubwa moja tu: kusitasita pasipo sababu.

Ninaomba kuuliza mambo mawili. Nitajuaje kwamba nafasi inatosha, ikiwa nikiingia ni kosa na nikisubiri ni kosa? Na je, ni busara nihamie gari la otomatiki, kama mume wangu anavyonishauri?

Kaka_wa_Magomeni

Pole sana dada. Mimi niliendesha Dar es Salaam miaka 14 kabla ya kuja huku, nikatumia leseni ya nyumbani kwa ile miezi 12 inayoruhusiwa kwa mkazi mgeni, kisha nikalazimika kufanya mtihani kama mwanafunzi mwingine yeyote, na nikafeli. Kwa hiyo usidhani kwamba walioendesha nyumbani wana nafuu kubwa. Kule kwetu, saa za foleni, kipilefti huongozwa na mkono wa trafiki, na pasipo trafiki mnaelewana kwa macho: unasogeza pua ya gari kidogo kidogo hadi mwenzako akuachie. Sheria ya kumpisha wa kulia nilikuwa naijua kwa mdomo, lakini mwili wangu ulikuwa umezoea kungoja mkono wa mtu au kusukuma. Huku hakuna mkono na hakuna kusukuma. Uamuzi wote ni wako. Nadhani hata wewe uliyekuwa abiria umejifunza barabara kwa kuwatazama madereva wa daladala, na mafunzo hayo ya macho hayafutiki upesi.

Mwalimu_wa_Usukani

Dadangu, mimi ni mzaliwa wa Mombasa na ninafundisha udereva katika miji ya kati ya Uingereza, na wanafunzi wangu wengi ni watu wazima kama wewe. Nimesoma maelezo yako mara mbili, na ninaona kwamba makosa yako mawili yana chanzo kimoja: unaanza kuamua baada ya kufika kwenye mstari. Aliyechelewa kutazama ama huingia kwa pupa, ama huganda. Anza kutazama kulia pale tu kipilefti kinapoanza kuonekana, ukiwa umeshapunguza mwendo hadi kama maili 15 kwa saa na umeingiza gia ya pili, ili unapoukaribia mstari uwe umeshajua kama unaendelea au unasimama.

Kuhusu nafasi yenyewe, kipimo cha kwanza ni hiki: gari lenye haki ya kupita lisilazimike kupunguza mwendo wala kukukwepa kwa sababu yako. Kwa kuwa si rahisi kulipima hilo ukiwa na hofu, ninawapa wanafunzi wangu kipimo cha pili, ambacho walimu wengi hukitumia. Jiulize: kama ningekuwa nimesimama hapa kwa miguu, ningeweza kuvuka mbele ya gari lile kwa mwendo wangu wa kawaida bila kukimbia? Kama ungeweza, basi gari lako linaweza, kwa sababu likishaanza kwenda lina kasi kuliko miguu yako. Wewe umevuka barabara za Dar es Salaam kwa miguu tangu ujana wako. Ujuzi wa kukisia mwendo wa gari unao tayari, ila haujahamia kwenye kiti cha dereva.

Nenda kwenye kipilefti hicho bila gari. Tafuta mahali salama pa kukaa, upande ule ule wanaoingilia madereva kwenye mtihani, tazama kulia, na kila unapoona nafasi ambayo ungeitumia sema "sasa" kwa sauti, kisha hesabu gari linalofuata lilifika baada ya muda gani. Zingatia mambo mawili. La kwanza, usiiamini indiketa peke yake. Tazama magurudumu ya mbele na uone kama gari limeanza kweli kugeuka na kupungua mwendo, kwa maana wapo wanaosahau indiketa ikiwaka. La pili ni zuri zaidi, na wanafunzi wengi hawalioni mpaka waonyeshwe. Gari lililoingia kutoka kushoto kwako, likazunguka hadi kuja kutokea kwenye barabara uliyomo wewe, huwazuia wa mbele yako na wa kulia kwako, lakini halitapita mbele ya pua yako. Wakati linawazuia wengine, hiyo ndiyo nafasi yako.

Goti linalotetemeka lina dawa rahisi. Ukiona utasubiri zaidi ya sekunde chache, vuta hendibreki, toa gia, na upumzishe mguu wa klachi kabisa. Ukianza kuiona nafasi ikija, ingiza gia ya kwanza, balansi klachi, kisha achia hendibreki. Wengi huona aibu kufanya hivyo wakidhani mtahini atawaona wazito, na kumbe anaona dereva anayelimiliki gari lake. Honi ya wa nyuma haina alama yoyote. Mtahini anaweza kukuandikia makosa madogo hadi 15 na bado ukafaulu. Linalokuangusha ni moja tu lililo kubwa au la hatari, au dogo ulilolirudia mpaka likawa tabia. Hata gari kuzimika mara moja mahali salama, ukaliwasha kwa utaratibu baada ya kutazama vioo, kwa kawaida ni kosa dogo.

Mama_Nasra

Mdogo wangu, nimefaulu nikiwa na miaka 52, kwa jaribio la tatu, na nimefaulu kwa otomatiki, kwa hiyo ninalijibu swali lako la pili. Otomatiki ilinipunguzia kazi ya miguu, nikapata nafasi ya kutazama barabara, na kwa umri wangu sijuti. Lakini fahamu kwamba ukifaulu kwa otomatiki, leseni yako haitakuruhusu kuendesha gari la gia za mkono mpaka ufanye mtihani mwingine. Kabla ya kubadili, muulize mwajiri wako ni magari gani mtakayotumia, maana wapo wanaowapa wahudumu magari ya kampuni na hayo mara nyingi ni ya gia za mkono. Tazama pia tarehe ya cheti chako cha nadharia. Kinadumu miaka 2 tu, na kikiisha kabla hujafaulu barabarani unaanza upya, na nafasi za mtihani hapa hupatikana kwa taabu.

Siku yangu ya mtihani hakuna aliyeijua isipokuwa binti yangu. Mara mbili za mwanzo nilikuwa nimewaambia jamaa wote, simu zikawa zinaingia tangu alfajiri za kuniombea dua, nami nikaenda nimebeba matumaini ya ukoo mzima kwenye mabega. Mara ya tatu nililala mapema, nikanywa uji, nikafanya somo la saa moja kabla ya mtihani ili mwili upate moto. Katika ile sehemu ya mtihani ya kujiongoza mwenyewe, kifaa cha njia kiliniambia nikunje kushoto, nami nikaenda kulia. Moyo ulinishuka, lakini nilikuwa nimetazama vioo na kuwasha indiketa vizuri, na mtahini akanirudisha njiani kwa upole. Kupotea njia si kosa. Na asipoeleweka, mwombe arudie. Lugha yao inasemwa haraka, na hakuna anayekukatia alama kwa kuuliza.

Bi_Makorora

Shikamoo Mama Nasra, na asanteni nyote, nimewasoma kwa makini. Cheti changu bado kina miezi minane, na msimamizi wangu kazini amesema magari yao yote ni ya gia za mkono, kwa hiyo nitabaki na klachi.

Jana baada ya zamu nilikwenda kukaa kwenye benchi la kituo cha basi kinachotazamana na kile kipilefti, nikakaa dakika 20. Nilisema "sasa" mara 14. Mara 12 gari la kulia lilikuwa bado mbali kabisa, hata ningetembea na mfuko wa sokoni ningevuka. Sikuwahi kujua kwamba siku ile niliacha nafasi kubwa kiasi hicho.

Mwalimu_wa_Usukani

Umefanya vyema, dadangu. Hizo mara 2 zilizobaki zilikuwaje?

Bi_Makorora

Zote mbili zilifanana. Gari liliwasha indiketa ya kushoto, nikasema "sasa", nalo likapita moja kwa moja mbele yangu taa ikiwa bado inawaka. Nilipokumbuka magurudumu nilirudia kutazama, na kweli hayakuwa yamegeuka hata kidogo. Somo la Alhamisi nimemwomba mwalimu wangu tulifanyie hapohapo, saa nzima.