Naomba ushauri: niendelee na msimu wa pili wa Frieren au nisubiri?

Pwani_ya_Bweni (mleta mada):
Wakuu, habari za jioni. Nimemaliza kurudia msimu wa kwanza wa Frieren, vipindi vyote 28, na tangu juzi nimekwama. Msimu wa pili, ulioanza kurushwa Japani Januari 2026, umo tayari ndani ya simu yangu, lakini kila nikitaka kuubonyeza kidole kinasita. Je, niendelee au nisubiri?

Kwa wasioijua, anime hii, yaani katuni ya Kijapani, inaanzia pale hadithi nyingine zinapoishia. Mfalme wa mapepo ameshauawa, safari ya miaka kumi imekwisha, na wasafiri wanne wanarudi mjini kupokewa kwa shangwe. Frieren ni mchawi wa jamii ya elfi, ameishi zaidi ya miaka elfu moja, kwa hiyo miaka kumi kwake ni kama mtu aliyekwenda sokoni akarudi. Anawaaga wenzake, anakuja tena baada ya miaka 50 ili watazame vimondo pamoja, anamkuta shujaa Himmel amekuwa kizee mwenye upara, na haupiti muda Himmel anafariki. Makaburini ndipo machozi yanapomtoka, kwa kuwa ametambua kwamba alikaa na mtu yule miaka kumi bila kufanya juhudi ya kumjua. Hayo yote ni kipindi cha kwanza tu. Mapigano yamo, na studio ya Madhouse haikuyafanyia ubahili, lakini kilichonishika ni namna miaka inavyohesabiwa humo: kila mara skrini inakuandikia ni miaka mingapi imepita tangu kifo cha Himmel, kana kwamba hakuna kalenda nyingine duniani.

Upanga_Butu:
Endelea, mkuu, hapo hakuna cha kuuliza. Mimi niliitazama kwa ajili ya Aura na mizani yake. Yule pepo anazipima roho mbili, na mwenye nguvu nyingi za kichawi anamtawala mwenzake. Amejikusanyia nguvu kwa miaka 500 na anajiona amemaliza kazi, kumbe Frieren anayepimwa naye amezificha zake maisha yake yote, kwa zaidi ya miaka elfu. Nilisimama kitandani. Ukimaliza msimu wa pili nenda kwenye Monster, ambayo studio hiyohiyo iliitoa 2004 hadi 2005, vipindi 74, na humo hakuna uchawi hata chembe.

Mswahili_wa_Maskati:
Sisi tuliokulia Oman tulianza na Kapteni Tsubasa, ila kwa Kiarabu aliitwa Kapteni Majid, na nilikuwa mtu mzima nilipogundua kwamba Majid ni Mjapani. Uwanja wao haukuwa na mwisho. Mchezaji alikimbia na mpira kipindi kizima na goli bado halijaonekana. Marehemu kaka yangu alikuwa akizima televisheni katikati ya shuti ili nikamchotee maji kwanza. Samahani, nimetoka nje ya mada.

Kalamu_Nyekundu:
Mleta mada, mtu hakwami kwa sababu ya kitufe. Umeandika "nisubiri" mara mbili, kwenye kichwa cha uzi na ndani yake. Unamsubiri nani?

Pwani_ya_Bweni:
Haya, nitasema. Msimu wa kwanza nilitazama na bibi yangu mzaa mama, Pangani, Ramadhani ya 2024, kipindi kimoja kila usiku. Bibi hasomi maandishi ya Kiingereza, na macho yenyewe yamechoka, kwa hiyo nilikuwa nikimsomea kwa Kiswahili kila anachosema kila mtu, kama wale madijei wa vibanda vya video. Usiku wa kwanza aliniuliza, "Huyu mtoto mwenye nywele nyeupe ana umri gani?" Nikamwambia amepita miaka elfu moja. Bibi akajiweka sawa kwenye mkeka, akavuta khanga begani, akaiambia simu, "Shikamoo." Tangu hapo hatukuanza kipindi chochote kabla hajamwamkia. Kila Frieren alipojiingiza kichwa kwenye sanduku la hazina ambalo kumbe ni jini lenye meno, akabaki miguu inaning'inia huku akilalamika kwamba kuna giza, bibi alicheka hadi jirani akagonga ukuta. Na ile hesabu ya miaka aliielewa kabla yangu. Alisema hawa wanahesabu kama sisi, mwaka aliokufa fulani.

Tuliahidiana kwamba msimu wa pili tutautazama pamoja.

Shangazi_Mwenye_Hasira:
Nimesoma mara mbili ili nisimwonee mtu. Usiku wa Ramadhani, watu wanarudi kutoka tarawehe, wewe unamkalisha mzee wa watu mbele ya katuni za majini na wachawi, halafu unakuja hapa kuomba ushauri? Ningekuwa mama yako ningeanza na simu hiyo. Lakini umeshaahidi, na ahadi ni deni. Panda basi uende Pangani.

Upanga_Butu:
Bibi aliyemwamkia Frieren apewe uenyekiti wa jukwaa hili.

Kalamu_Nyekundu:
Mimi bado sijaridhika. Kama ahadi ipo na bibi yupo, basi subiri; swali lako limeshajibiwa. Ni kitu gani hujakisema?

Pwani_ya_Bweni:
Bibi amepoteza kumbukumbu. Ilianza taratibu mwaka jana. Sasa ananiita kwa jina la mjomba wangu, na siku nyingine hanijui kabisa. Mama anasema ukimtajia Ramadhani ile anakutazama tu. Kwa hiyo naomba mnielewe kabla hamjanihukumu: ahadi ambayo upande mmoja hauikumbuki ni ahadi ya aina gani? Sitamnyang'anya chochote nikitazama peke yangu. Na kwa kuwa mtauliza, ndiyo, nimeshatazama vitatu, lakini nilifanya hivyo ili nijue kama lugha yake itanisumbua kuitafsiri.

Mswahili_wa_Maskati:
Vitatu vya kupima lugha! Kimoja hakikutosha?

Hakimu_wa_Chai:
Ndugu zangu, mmelishwa chai, tena ya maziwa na tangawizi. Aliyetazama msimu wa kwanza anamkumbuka mzee Voll, yule mbilikimo aliyekilinda kijiji kwa karne nyingi kwa sababu mkewe alikipenda, huku mwenyewe ameshasahau sura ya mkewe. Mleta mada amemchukua Voll, amemvisha khanga, amempeleka Pangani. Na tarehe zake zinamsuta, kwa maana Ramadhani ile ilianza huku msimu wa kwanza bado unaendelea kurushwa. Wangetazamaje vipindi 28?

Upanga_Butu:
Hapo kwenye tarehe umeteleza, mheshimiwa. Cha mwisho kilirushwa Ijumaa, tarehe 22 Machi 2024, na Ramadhani iliendelea hadi Aprili. Ukitazama kimoja kila usiku, unakifikia cha 28 kikiwa kimeshatoka kitambo, na Idi bado. Sisemi kisa ni cha kweli. Nasema hesabu inakubali.

Shangazi_Mwenye_Hasira:
Kiwe chai au uji, mwenye bibi asiyemwona na aende akamwone.

Hakimu_wa_Chai:
Hesabu naikubali. Voll simwachi.

Pwani_ya_Bweni:
Umemtaja Voll, basi nikwambie ilivyokuwa. Ni kipindi cha 16. Nilikuwa nasoma pale anaposema kwamba ameisahau sura ya mkewe, macho yake na sauti yake, bibi akanishika mkono nisimamishe. Taa ya chemli ilikuwa chini, umeme ulikatika tangu magharibi, na simu ilikuwa na asilimia 11. Akauliza, "Hata sauti?" Nikamjibu, hata sauti. Akakaa kidogo, kisha akasema niendelee kabla chaji haijaisha. Wakati huo alikuwa mzima, anajua bei ya kila kitu sokoni. Ukitaka kuamini kwamba nimetunga, sina risiti ya kukuonesha.

Kalamu_Nyekundu:
Mimi naona umeogopa kwenda, na msimu wa pili ni kisingizio. Ukienda, usianze na huo. Anza na yale masanduku yenye meno, uone.

Pwani_ya_Bweni:
Kuhusu woga sitabishana nawe. Nasafiri Alhamisi usiku, na masanduku nimeshayatenga. Ila msiniletee habari ya kuvisahau nilivyokwisha kutazama. Vilikuwa vitatu nilipowaandikia. Sasa ni vinne, cha mwisho nimekimaliza wakati Shangazi anaandika.