Altezza RS200 ya 1999, bajeti milioni moja na nusu: nianze wapi kwa otokrosi hapa Tanga?

MtuWaChumbageni

Asalaam aleikum wadau, na habari za jioni. Nina Toyota Altezza RS200 ya 1999, manyuo (gia za mkono) ya gia sita, injini 3S-GE. Mwenye gari wa kwanza alikuwa akiilaza nje kule Raskazone, upepo wa bahari unaipiga usiku kucha. Inawaka vizuri na inavuta vizuri, ila usukani unatetemeka nikifika kilomita 80 kwa saa, na nyuma inagonga kwenye matuta.

Vijana wenye magari tumeongea na mwenye kiwanja kimoja cha wazi njia ya Pangani, ametukubalia tufanye otokrosi, yaani tupange koni tukimbizane na saa, gari mojamoja. Nataka nikimbie vizuri kwelikweli, na nirudi na gari zima maana Jumatatu ndilo linalonipeleka kazini.

Mfukoni nina milioni moja na nusu. Nilivyopanga: ekzosti kubwa, springi fupi za kushusha gari, filta ya hewa ya wazi, na rimu za inchi 18 zikipatikana za mkononi. Mngekuwa nyinyi mngeanza na nini?

DerevaHorohoro

Kaka, kwanza tuambie hicho kiwanja ni lami au udongo. Video nyingi unazoziona za Marekani ni koni juu ya lami, mzunguko mmoja kama dakika hivi, na kwa kanuni za SCCA, klabu yao ya magari ya michezo, ukiangusha koni au kuisogeza nje ya alama yake unaongezewa sekunde 2. Wenzetu Kenya otokrosi yao ni ya udongo, vumbi tupu. Maandalizi ya hizo mbili hayafanani.

MtuWaChumbageni

Udongo. Kifusi kilichoshindiliwa, kigumu, ila upande mmoja kina changarawe.

DerevaHorohoro

Basi springi fupi futa. Rimu za 18 pia futa: tairi lake ni jembamba ukutani, jiwe moja tu limepasuka na rimu imepinda. Tafuta rimu za inchi 16 zinazopita kwenye breki zako, tairi 205/55. Kimo chake karibu ni sawa na 215/45 ya inchi 17, kwa hiyo spidomita haitakudanganya, ila unapata ukuta mnene wa mpira. Na filta ya wazi kwenye vumbi la kifusi ni kuilisha injini mchanga. Acha boksi la filta la kiwandani, weka filta mpya ndani yake, na baada ya mashindano ifungue uikague.

Usiogope kwamba gari la spoti si la vumbi. Safari Rally ya 1973 Shekhar Mehta aliishinda kwa Datsun 240Z.

FundiNgamiani

Mwanangu, ekzosti iache dukani. RS200 ya manyuo ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 210, na hizo unazipata injini ikifika mizunguko 7,600 kwa dakika. Kwenye koni utabaki gia ya pili, na muda mwingi utakuwa ama unashika breki ama unakata kona. Nguvu za kuongeza hutapata pa kuzitumia.

Sifa ya gari hili ni miguu, yaani saspensheni. Kila gurudumu, mbele na nyuma, limeshikwa na mkono wa juu na mkono wa chini, ndiyo maana likiwa zima linakaa barabarani vizuri kuliko sedani nyingi za rika lake. Lakini mikono hiyo inafungwa kwa bushi za mpira, na mpira wa 1999 kwenye joto letu umeshakauka na kupasuka. Huko ndiko kunakogonga. Ukikagua, usiangalie bushi peke yake: boljointi, tairodi, linki za stabilaiza, na shokapu kama zinavuja. Mtetemo wa 80 unaweza kuwa balansi tu, kwa hiyo magurudumu yabalansiwe kwanza kabla hujabadilisha kitu usukani. Alaimenti (kunyoosha magurudumu) ifanywe mwisho, miguu ikishakamilika. Ukiifanya kabla ya bushi utailipia mara mbili.

Sasa kutu, maana gari la Raskazone sitalihukumu kwa rangi. Lipandishe kwenye stendi, si jeki peke yake, nawaomba sana vijana. Chukua bisibisi ugonge polepole sehemu za kupigia jeki, kingo za chini ya milango, pale mikono ya nyuma inapofungwa, na juu shokapu zinaposhikwa. Chuma kizima kina sauti kali. Palipooza sauti inakuwa butu, na ukikaza mkono bisibisi inaingia. Chini ya milango kuna vitobo vya kutolea maji. Vikiziba na tope, maji ya chumvi yanakaa ndani na bodi inaliwa kutokea huko huko, wewe nje unaona rangi inang'aa. Mabomba ya breki yafuate kwa kidole mwanzo hadi mwisho. Ukikuta kutu pale miguu inapofungwa, pesa yote iende kwa mchomeleaji na mashindano yasubiri. Hapo sikubembelezi.

Bodi ikiwa salama, fuata breki. Mafuta ya breki yananyonya unyevu wa hewa, na hewa ya Tanga unaijua. DOT 4 (daraja la mafuta hayo) mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 230. Ikishanyonya maji kiwango chake kinashuka hadi 155. Ikichemka pedali inazama mpaka chini na gari haisimami. Toa yote ya zamani, anzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda (pampu ya breki), hadi yatoke safi bila mapovu. Pedi nzuri za kawaida zinakutosha.

Taimingi belti: kama aliyekuuzia hana ushahidi wa lini ilibadilishwa, badilisha. Oili iwe kwenye alama ya juu ya kijiti wala si katikati, maana kwenye kona kali inakimbilia upande mmoja na pampu inaweza kuvuta hewa. Chini ya sampu (bakuli la oili) funga bamba la chuma. Karakana yoyote ya kuchomea watakukatia.

Kinachobaki ni matairi, na ndiyo yatakayokula pesa kuliko vyote. Manne ya aina moja. Soma tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT iliyoandikwa ukutani mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. La mtumba lenye kashata (meno ya tairi) nzuri lakini mpira umekuwa mgumu litakutelezesha kila kona.

BintiPongwe

Shikamoo fundi. Naongeza ya kiwanjani, maana huwa nasaidia kupanga njia.

Kaka, toa kila kitu kinachotembea ndani ya gari: jeki, tairi la akiba, chupa za maji, na kapeti la dereva, linakwenda kujikunja chini ya pedali. Betri ifungwe isicheze. Nati za magurudumu zikazwe kwa spana ya kipimo, 103 Nm, na zirudiwe baada ya mzunguko wa kwanza. Helmeti lazima, na mtungi wa kuzimia moto uwe kwa mtu anayejua kuutumia.

Watazamaji wasisimame nje ya kona, hata kama ndipo picha zinapotoka vizuri. Gari likiteleza linakwenda huko huko. Ongeeni na AAT, chama cha magari cha Tanzania, kabla ya siku yenyewe, na kila mmoja asome bima yake. Nyingi hazilipi ajali ya mashindano. Na tafadhalini, mazoezi yasifanyike barabarani Raskazone usiku. Kuna watu wanatembea na watoto wao pale.

MtuWaChumbageni

Shukrani zote kwa fundi, na asante dada. Ekzosti na springi nimezifuta. Fundi, kuna mtu ananiuzia bushi za plastiki ngumu, anasema za mpira ni za wazee. Nichukue?

FundiNgamiani

Usichukue. Ngumu zitakutingisha meno kila siku ukienda kazini, na zikikosa grisi zinalia. Funga za mpira. Ila msimamie fundi wako kwenye jambo hili: bolti za bushi zinakazwa mwisho gari likiwa limesimama kwa uzito wake juu ya magurudumu. Zikikazwa gari likiwa juu, miguu inaning'inia, mpira unajifunga umejipinda, na ukishusha unaanza kuchanika siku hiyo hiyo. Bushi nyingi mpya zinakufa mapema kwa sababu hiyo, watu wanasema spea feki.

Lilete Jumamosi baada ya adhuhuri tulipandishe. Usilipitishe kwa waosha magari, wala usiimwagie injini maji. Nataka nione oili inavujia wapi.