Imani ya kiongozi iishie wapi katika sera?

Mdau wa Mwanza: Ndugu wanajukwaa, ibara ya 19 ya Katiba yetu ya 1977 inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi, lakini Bugando, hospitali ya maaskofu Wakatoliki, ndiyo hospitali ya rufaa ya kanda yetu. Je, huruma ya dini iingie katika sera kwa mipaka ipi?

Mstaafu: Mwalimu Nyerere alikuwa mtu wa misa, ila Azimio la Arusha la 1967 liliandikwa kwa lugha ya usawa wa binadamu wote, ndiyo maana Mwislamu na Mkristo waliweza kulijadili bila yeyote kujiona mgeni. Mpaka naouona mimi ni huo: imani imsukume kiongozi, lakini hoja yake ieleweke hata kwa asiyeshiriki imani hiyo.

Binti wa Kyela: Nakubaliana nawe, mzee wangu, ila huruma isiyo na bajeti haitibu mtu. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inataka wazee wasiojiweza watibiwe bure. Mama yangu alionyesha kitambulisho chake dirishani, akarudishiwa karatasi ya dawa akanunue mwenyewe.

Mdau wa Mwanza: Mpe pole mama. Je, aliambiwa dawa zimekwisha, au hazikuagizwa kabisa?