Ushauri: msimamizi kaniuliza swali moja kuhusu udongo wa mlimani, nimekwama

Mpandamlima
Wakuu, habari zenu. Utafiti wangu ni wa viumbe wa udongoni kwenye mteremko, kuanzia msituni hadi miti inapokoma. Juu nimekuta kuvu wengi na nematodi (viminyoo vidogo mno) wanaowala kuvu hao. Chini bakteria wametawala, na nematodi wawindaji sikuona hata mmoja. Nikaandika kwamba joto likizidi, udongo wa juu utafanana na wa chini. Msimamizi kasoma, kacheka: "Umejuaje kuwa ni joto?" Mliopita njia hii, nisaidieni.

Nyungunyungu
Usimnunie, yuko sahihi. Ukipanda mita 1,000 joto hushuka kama nyuzi 6, sawa, lakini mimea nayo inabadilika, unyevu, hata uchachu wa udongo. Huenda kuvu wako wanapenda tu majani magumu yanayooza polepole.
Kata vipande vya udongo wa juu pamoja na mimea yake, uvihamishie chini. Vingine vikate vivyo hivyo kisha uvirudishe palepale ulipovitoa, maana kule kukata mizizi tu kunawavuruga kuvu wanaoishi nayo. Usipofanya hivyo utalisingizia joto kosa la jembe lako.

Mboji Nyeusi
Naongezea: joto mara nyingi huufikia udongo kwa kupitia mmea. Msitu ukisogea juu unakuja na kuvu wake wa mizizini, na hao wanaweza kuichokonoa mboji iliyotulia miaka na miaka, kaboni yake ikaishia hewani.
Mlima wako una theluji ya msimu? Ile ni blanketi. Ikipungua, udongo unaweza kuganda zaidi ingawa hewa imepata joto.

Mpandamlima
Hauna theluji. Vipi kuhusu wawindaji? Hilo nililiona ndilo tokeo langu zuri kuliko yote.

Utitiri
Inawezekana kweli wamepungua. Wawindaji wakubwa ni wachache na huzaliana polepole, wakishavurugwa hukawia kurudi. Ila umewatoaje kwenye udongo?

Mpandamlima
Funeli ya Baermann: udongo unauweka kwenye kitambaa juu ya funeli yenye maji, nematodi wanashuka wenyewe.

Utitiri
Hiyo hunasa wanaojisogeza wenyewe. Nematodi huogelea kwenye utando mwembamba wa maji. Udongo ukikauka, wengi hujikunja na kusinzia. Udongo wa chini ulikuwaje siku ile?

Mpandamlima
Ulikuwa umepigwa jua wiki mbili. Wa juu niliuchukua kwenye ukungu.

Nyungunyungu
Pole mkuu. Funga mzigo, unarudi mlimani.