RDR 2: kifo cha Arthur wamekigeuza zawadi ya tabia njema, sikubali

Wakuu, nataja mwisho wa gemu zote mbili za Red Dead Redemption (RDR), zile za majambazi wa Marekani ya zamani. Ambaye hajamaliza apite.

Kila nikigusa Red Dead Redemption ya 2010 anaibuka mtu: "hiyo imepitwa na wakati, cheza ya pili, stori yake moto." Nimenyamaza vya kutosha. Ya pili nimeirudia juzi hadi mwisho na hasira zimezidi.

Ya kwanza ni mwaka 1911. Serikali imemshikia John Marston mke na mtoto, naye kawasaka wenzake wa zamani wa genge, Bill, Javier, mpaka kiongozi wao Dutch. Karudishiwa familia. Halafu unapewa misheni za shambani Beecher's Hope, kuswaga ng'ombe, kumfundisha Jack kuwinda, mpaka unaanza kuamini yameisha. Ndipo jeshi linakuja. John anawapandisha Abigail na Jack kwenye farasi, anabaki ghalani peke yake. Anachungulia kwenye upenyo wa mlango, anavuta pumzi, anasukuma. Dead Eye, ule uwezo wa kulenga muda ukienda polepole, inawaka, unaangusha wachache unaowawahi, na bunduki zilizobaki zote zinamtazama yeye. Uwe ulicheza kama mtakatifu au uliua kila mpita njia, unatokea mlango uleule na unakufa vilevile. Deni limekuja kudaiwa, basi.

Ya pili ikatoka 2018, ikaturudisha 1899. Unacheza Arthur Morgan, wa genge lilelile la Dutch, John akiwa bado ndani yake. Ni mhusika mzito kuliko John, hilo sibishi. Anatumwa kudai deni la Strauss, mkopesha pesa wa genge, kwa Thomas Downes, mtu mgonjwa, anamkunja na kumpiga, yule anamkoholea damu usoni. Gemu haisemi kitu, inaendelea zake. Baadaye sana Arthur anaanguka barabarani katika mji wa Saint Denis, daktari anamwambia ana kifua kikuu. Nilikaa na pedi mkononi sichezi. Kipigo kile hukukichagua, ni misheni ya lazima, na ndicho kilichomuua.

Halafu mtu aliyeandika hivyo anakwenda kuharibu mwishoni! Umeamua kumsaidia John akimbie, uko juu mlimani. Kipimo cha heshima, kinachohesabu wema na ubaya wako, kikiwa juu, Arthur anakata roho taratibu akitazama jua linachomoza. Kikiwa chini, Micah, msaliti wa genge, anampiga risasi ya kichwa. Na kipimo chenyewe kinapanda kwa nini? Kwa kusalimia watu mitaani na kurudisha samaki mtoni. Umeua watu chungu nzima ndani ya misheni ambazo huwezi kuzikwepa, umeiangamiza nyumba ya Downes, kisha salamu za mji wa Valentine ndizo zinazoamua unavyokufa.

Sijagusa bado misheni zenyewe, ukitoka pembeni kidogo ya njia waliyokuchorea umefeli, rudia. Sehemu ya kisiwa cha Guarma ndiyo kabisa, ungeiondoa nzima na stori isingetikisika. Na Dutch, kila genge likihamia kambi mpya wimbo wake ni uleule, tunakosa pesa kidogo tu tuondoke. Sura sita, wakuu!

Lakini ningevumilia yote hayo. Anayesema ya pili inasimulia vizuri zaidi aje hapa anijibu. Arthur wangu aliona macheo. Arthur wa rafiki yangu alipigwa risasi. Wote wawili walimpiga Downes, kwa amri ya gemu ileile. Wa kwangu alistahili jua kwa lipi?