Nimejenga gita la umeme kwa mninga hapa Tabora, ukipanda juu ya shingo linapotoka. Naombeni ushauri kabla sijang'oa shingo

Mwana wa Isevya

Habari zenu wakuu, na wakubwa wote shikamooni. Mimi niko Tabora mjini, kazi yangu useremala, vitanda milango makabati, na jioni napiga gita kwaya. Kwa muda mrefu nilikuwa na hamu ya kujenga gita langu la umeme, sasa kuna gita moja la zamani la kwaya lilipasuka bodi likatupwa stoo nikaomba nikapewa, nikakuta shingo bado nzima kabisa, freti 22 (vile vichuma vinavyokatiza shingo), nondo ya ndani ya kunyooshea shingo inazunguka vizuri. Bodi nikachonga mwenyewe kwa kipande cha mninga kilichobaki kwenye kitanda cha mteja, kilikuwa kimekaa juu ya kenchi za karakana zaidi ya mwaka kwa hiyo kimekauka kweli kweli. Unene milimita 42. Hambaka moja (pikapu ya koili mbili, ndiyo inanasa sauti ya nyuzi), poti mbili za kurekebisha sauti, jeki ya kuchomeka waya na briji mpya nilitumiwa kwa basi kutoka Kariakoo. Briji ni ile isiyo na mkono, inafungwa kwa skrubu juu ya bodi basi.

Nimelimaliza wiki mbili zilizopita. Wakuu lile gita ni zuri, nikilipaka mafuta ya mbao ile rangi ya mninga inatoka nyekundu na mistari yake hadi watu wanasimama mlangoni kuangalia. Tatizo ni hili, nikityuni nyuzi zote zikiwa wazi ziko sawa, kodi za chini huku freti ya 1, 2, 3 zinavumilika, ila nikianza kupanda, freti ya 7 unasikia kitu hakiko sawa, freti ya 12 ndio balaa, sauti iko juu ya pale inapotakiwa, app ya simu inaonyesha senti 20 hivi zaidi (senti 100 ni sawa na kupanda freti moja) kwenye uzi mwembamba na kwenye uzi mnene inafika 25. Vile vikalio vya nyuzi kwenye briji nimeshavirudisha nyuma hadi mwisho wa skrubu. Kitu cha pili linavuma mmmm kwenye ampu, nikishika nyuzi linapunguza sana.

Nilimpelekea fundi mmoja hapa mjini akaniambia mninga haufai gita, una uzito na mafuta, nyuzi hazitulii, na shingo nayo imeshakufa niikate nitafute nyingine. Niliumia sana. Naombeni ushauri kabla sijafanya kitu.

Kijana wa Gungu

Kaka pole. Mimi niko Kigoma na fundi hapo yuko sahihi kiasi, gita zote za kiwandani hawatumii mninga wanatumia mbao laini laini. Ungetumia mvule. Mninga acha ubaki kwenye makochi

Besi ya Ng'ambo

Mkuu Kijana wa Gungu hapana. Mbao haiwezi kufanya freti ya 12 ipande senti 20, mbao haijui freti ya 12 iko wapi. Gita la umeme sauti inaanzia kwenye uzi wa chuma unaotetemeka juu ya sumaku ya pikapu, mbao inachangia kushikilia, uzito, uzi unalia muda gani. Les Paul, mpiga gita wa kule Marekani, mwaka 1940 hivi alichukua gogo la paini la inchi 4 kwa 4, akaweka shingo na pikapu, pembeni akabandika mabawa ya gita la kawaida ili tu lifanane na gita, na likapigika. Gogo la paini! Kwa hiyo kipande cha mninga kilichokauka mwaka mzima ni kitu cha kushukuru, ni mbao inayotulia, ikishakauka haichezi chezi. Uzito ni kweli, tafuta mkanda mpana.

Mleta mada ni seremala, atueleze vipimo. Kutoka kwenye kile kidaraja cha juu kinachoshika nyuzi karibu na vichwa, hadi katikati ya freti ya 12 ni milimita ngapi? Na kutoka hapo hapo juu hadi kwenye kikalio cha uzi mwembamba ni ngapi? Tumia rula ya chuma, usikadirie.

Dada wa Kanyenye

Nakazia hapo. Tofautisheni, kama kosa lingekuwa kile kidaraja cha juu mitaro yake iko juu sana, basi freti ya 1 hadi ya 3 ndio zingekuwa mbaya kuliko zote. Yeye anasema kadiri anavyopanda ndio kunazidi kuharibika. Hiyo ni briji iko mahali pasipo pake. Shingo usiikate kaka, tafadhali.

Nondo pia icheki, bonyeza uzi mnene freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, katikati pale freti ya 7 au 8 iwe na nafasi ya karatasi mbili tatu za daftari kati ya uzi na freti. Ikiwa hivyo shingo yako nzima na aliyekuambia imekufa hakuipima.

Mwana wa Isevya

Asanteni sana. Nafasi ya katikati nimecheki ni karatasi mbili, inapita kwa kubana kidogo. Vipimo nimechukua kwa rula ya chuma: juu hadi freti ya 12 ni 324 kamili. Juu hadi kikalio cha uzi mwembamba ni 642, na hapo kimerudishwa nyuma hadi mwisho.

Besi ya Ng'ambo

Basi mgonjwa kapatikana. 324 mara mbili ni 648, hicho ndicho kipimo cha shingo yako, ni kile kile cha inchi 25 na nusu wanachotumia kampuni ya magita ya Fender. Freti ya 12 lazima iwe katikati ya safari ya uzi, nusu huku nusu kule. Wewe una 324 upande mmoja na upande wa pili 318. Uzi ukibonyezwa pale unabaki mfupi kuliko nusu ndio maana unalia juu, na ukipiga hesabu, 642 gawa kwa 318 inakuja senti kama 16 zaidi, ongeza na ule mvuto kidole kinapokandamiza uzi unafika hizo 20 zako.

Na hata 648 yenyewe haitoshi, lazima uongeze kidogo kwa sababu ya huo mvuto. Mwembamba unaangukia 649 au 650, mnene 652 hadi 653. Kwa hiyo weka vikalio katikati ya skrubu zake, halafu sogeza briji mpaka vikae 651 kutoka juu. Hapo utakuwa na nafasi ya kwenda mbele na nyuma. Sasa niambie ulipimaje mwanzo, maana milimita zimepotea mahali.

Mwana wa Isevya

Mkuu nimekaa nimefikiria hadi nikainuka usiku kwenda karakana kuangalia. Futi yangu ile kichwa chake cha bati kilikatika siku nyingi, kwa hiyo mazoea yangu naanzia kwenye sentimita 1. Kwenye kitanda huwa naongeza ile sentimita mwishoni bila hata kufikiri. Siku ile nilikuwa na furaha ya kumaliza, nikaweka alama kwenye 648 ya futi, kumbe ni 638 halisi. Hiyo ndiyo sentimita yangu.

Naomba kuuliza, yale matundu ya skrubu ya zamani? Briji ikirudi nyuma milimita 13 matundu mengine yanakaribiana na mapya.

Mzee wa Ujiji

Mwanangu hapo umefika kwenye kazi yako mwenyewe. Chonga vijiti vya mninga ule ule, tia gundi ya mbao, gonga taratibu, lala, kesho kata usawa na bodi kwa patasi kali halafu msasa. Toboa upya kwa drili nyembamba kuliko skrubu. Mninga ni mgumu, skrubu ndogo ndogo zile za briji zinakatika shingo ukilazimisha, zipake nta ya mshumaa kwanza. Usitumie sabuni, sabuni inavuta maji skrubu inaota kutu.

Na kabla hujatoboa, chukua uzi wa kushonea, uvute kutoka mtaro wa juu wa uzi mnene hadi kwenye briji, na mwingine upande wa mwembamba. Angalia nafasi kati ya uzi na ukingo wa shingo pande zote mbili zilingane. Mimi yangu ya kwanza niliisogeza sawa kwa urefu nikasahau upana, uzi mwembamba ukawa unateleza nje ya shingo.

Vumbi la mninga pia funga pua na mdomo kwa kitambaa. Linakaba kifua.

Mwana wa Isevya

Shikamoo mzee, asante sana. Nitafanya hivyo hivyo.

Dada wa Kanyenye

Kuhusu mvumo. Ukishika nyuzi ukipungua maana yake waya wa ethi unaotoka kwenye briji umefika, ungekuwa umekatika kushika nyuzi kusingebadili kitu. Unaposogeza briji hakikisha ule waya bado unabanwa chini ya chuma. Sasa kinachobaki ni shimo la poti na la pikapu, ndani yake ni mbao tupu, linapokea kila kelele ya taa na chaja. Libandike foili ya shaba, au hata foili ya aluminiamu ya jikoni, pande zote na nyuma ya kifuniko, halafu foili iguse ethi. Aluminiamu haishiki risasi ya kulehemu vizuri kwa hiyo bana waya kwa skrubu. Angalia foili isiguse mguu wa moto wa jeki gita litanyamaza kimya.

Poti zako ziwe za 500k kwa hambaka. Kama ni 250k itapiga ila sauti ya juu juu itafifia.

Fundi Umeme Ipuli

Naongeza moja, ni ya usalama. Huko kanisani ukiwa umeshika gita mdomo ukagusa maiki ukapigwa shoti, hilo si la pikapu. Ni ethi ya jengo au mtu kakata mguu wa tatu wa plagi ya ampu. Zima, ita fundi wa nyaya. Nimeona watu wanavaa soksi mbili ili wapige, wasifanye hivyo.

Kijana wa Gungu

Nimefuta kauli yangu ya makochi, nimejifunza. Sasa nina swali, na mimi nataka kuchonga shingo kabisa na freti zake, mpingo kwa juu. Nafasi za freti mnapataje?

Besi ya Ng'ambo

Chukua 648 gawa kwa 17.817, unapata 36.4 hivi, hiyo ni kutoka juu hadi freti ya kwanza. Kilichobaki, yaani 611.6, gawa tena kwa 17.817 unapata nafasi ya freti ya pili kutoka ya kwanza, unaendelea hivyo. Ukifika ya 12 jumla ikikataa kuwa 324 umekosea njiani, rudi. Alama zote piga ukipimia kutoka juu, usiruke kutoka freti hadi freti maana vikosa vidogo vinajumlishana. Mpingo ni mzito unazama kwenye maji na unamaliza makali ya msumeno, anza na kipande cha mkurungu ujifunzie.

Mwana wa Isevya

Wakuu nimerudi. Jumamosi nilizima matundu, Jumapili baada ya ibada nikapima kwa rula ya chuma mara tatu, nikanyoosha uzi wa kushonea kama mzee alivyosema, nikakuta nilikuwa nimeelekea upande wa mwembamba kwa milimita 2, nikarekebisha vyote pamoja. Nikaweka nyuzi mpya. Uzi mwembamba freti ya 12 ukasimama pale pale. Ule wa tatu senti 3, nikarudisha kikalio kidogo. Mnene ulikuwa senti 4 nao umekaa.

Nikapiga kodi ya E chini halafu nikaipiga freti ya 12, sikuamini, nikairudia mpaka mke wangu akatoka nje kuuliza kuna nini. Foili bado, nasubiri ya shaba. Vijiti vya kuziba matundu vinaonekana ukiinama karibu, duara ndogo ndogo nyekundu zaidi ya bodi, nimeziacha hivyo hivyo.

Kijana wa Gungu, nina kipande cha mkurungu urefu sentimita 70, kama una mtu anayepanda treni ya Kigoma wiki hii nitamkabidhi.