Puta ya bledi au ya maleti kwa anayeanza gofu?

MgeniGriini: Wakuu, nataka puta (fimbo ya kuviringishia mpira shimoni) ya kwanza kabla ya Jumamosi. Nimeona mbili zilizotumika: bledi (kichwa chembamba) ya inchi 35 na maleti (kichwa kikubwa) ya inchi 34, bei zinakaribiana. Nichukue ipi? Halafu nikisikia "bogi", "lagi", "puti tatu" nabaki nimeduwaa.

Kisigino: Mkuu, umetuacha gizani. Urefu wako? Unakosa upande gani, au shida ni umbali? Na puta zenyewe zinaning'iniaje? Laza mpini juu ya kidole kimoja mpaka utulie. Uso wa puta (upande unaogonga mpira) ukitazama juu, inamfaa anayevuta nyuma na kurudisha katika mstari ulionyooka. Ncha (mwisho wa kichwa ulio mbali nawe) ikishuka chini, inamfaa ambaye mkono wake unachora tao. Zipo maleti ambazo ncha hushuka pia, kwa hiyo umbo pekee lisikudanganye.

Maneno: kila shimo lina idadi ya mikwaju inayotarajiwa, ndiyo paa. Ukizidisha mmoja ni bogi, ukipunguza mmoja ni badi. Puti tatu ni kufika griini (nyasi fupi zinazozunguka shimo) halafu kumaliza kwa mikwaju mitatu. Lagi ni puti ndefu ya kuusogeza mpira jirani na shimo, si lazima uingie.

MstariMmoja: Maleti. Uzito wake umetawanywa pembeni na nyuma, hivyo ukigonga nje ya katikati uso haugeuki sana. Uso ukifunguka, yaani ukigeuka nje ya mstari, digrii 1 tu, kwenye mita 3 mpira unakuwa nje ya mstari kwa sm 5.2. Shimo lina kipenyo cha mm 108, nusu yake ni sm 5.4. Digrii 1 unalamba ukingo, digrii 2 umekosa kabisa.

BlediDaima: Hesabu ni sahihi, ila maleti haimponyi mtu aliyelenga vibaya tangu mwanzo. Bledi ukigonga pembeni mikono inajua papo hapo, na hivyo ndivyo mtu anavyojifunza. Isitoshe, anayeanza hupoteza mikwaju mingi kwa umbali kuliko mwelekeo. Apige mipira mitatu mitatu kutoka mita 3, 6 na 9 bila kujali shimo, aangalie inasimama wapi.

MgeniGriini: Nina sm 168, napigia mkono wa kulia, na nakosa zaidi upande wa kulia. Hiyo ya 35 si naikata tu?

FundiMpini: Usiikate kwanza. Ukiondoa inchi 2, kichwa kinahisi chepesi mkononi, unaanza kuusukuma mpira kwa viganja, na umbali unavurugika: huu unafika nusu, unaofuata unapitiliza mita mbili. Mikono nayo inashuka, ncha inanyanyuka, kisigino (mwisho wa kichwa ulio upande wako) kinagusa nyasi, na unagonga karibu na kisigino. Watu hulaumu macho yao kumbe ni lai (pembe ya mpini na ardhi) imeharibika. Anayekata hana budi kurudisha uzito kichwani, kwa skrubu nzito zaidi kama zipo au utepe wa risasi chini yake, kisha lai ipimwe upya.

Kabla ya hapo, simama kama unapiga, dondosha mpira kutoka kwenye jicho la kushoto. Ukiangukia juu ya mpira uliolengwa au kidogo upande wa miguu yako, urefu unakufaa. Na angalia viganja: puta nyingi zina lofti (uso kulalia nyuma) ya digrii 3 hivi. Ukivisukuma mbele mno, lofti inaisha na mpira unadunda mwanzoni.

MstariMmoja: Anayekosa kulia aweke vijiti viwili vya tii (vya kuinulia mpira), kimoja kila upande wa kichwa cha puta kwa nafasi ya upana wa kidole, apige katikati yake. Pia aache bendera shimoni, sheria inaruhusu tangu 2019.

BlediDaima: Bendera itolewe! Mlingoti ukiinama upande wako, mpira mzuri unagonga na kurudi.

Kisigino: Mpira ukiegemea mlingoti na sehemu yoyote ya mpira iko chini ya uso wa griini, umeingia. Kwenye mteremko mkali mimi naacha.

BlediDaima: Kwenye mteremko sawa. Ila kwa puti ya mita moja?

Kisigino: Hiyo ni mada nyingine. MgeniGriini, bado hujatuambia zinaning'iniaje hizo puta mbili.